Goti la Adelina na Karatasi Yenye Muhuri

Sawa, Paskazia, nimekusikia. Mstaafu gani huyo ana miaka ishirini na saba, hana mvi hata moja, na juzi tu alionekana sokoni anagombania nyanya? Umesema vizuri, tena umesema mbele ya wenzako ili wacheke, na wamecheka. Mimi nakujibu humu kwenye daftari, kwa sababu nikikujibu kwa mdomo nitasema mambo ambayo itabidi nikayaungame.

Nimestaafu kwa sababu vidole gumba vyangu vimestaafu. Vyote viwili, kwa pamoja, kama watumishi waliokubaliana. Siwezi kufungua chupa ya maji. Siwezi kukamua kitambaa. Mwanaume aliyeshika panga tangu utotoni akinisalimia kwa mkono, machozi yananitoka, na yeye anadhani nimefurahi sana kumwona. Miaka saba nimekanda migongo, shingo, mabega na nyonga za watu wa Bukoba nzima kwa vidole hivi, kwa sababu niliambiwa nitumie kiwiko nikaona kiwiko kinachelewesha. Wiki iliyopita bosi wetu, Bwana Deogratias, amenipa soda na keki, akasema hotuba ya dakika mbili, akaniomba niwaandikie nyie wasichana watatu mnaoanza "uzoefu wangu". Uzoefu wangu ndio huu. Na wewe mwenye kucha ndefu kama uma, hebu soma huku unazikata.

Kituo chetu mmekiona. Vyumba viwili hapa Nshambya, vitanda viwili, pazia moja, na ile picha ukutani ya mtu asiye na ngozi ambayo watoto wakiiona wanalia na wazee wanauliza huyo aliuawa na nani. Bwana Deogratias ana diploma yake ya fisiotherapia, na kila mgonjwa anamwita daktari. Mwanzoni alikuwa anawasahihisha. Siku hizi ameokoka, hasahihishi tena.

Mimi nilimaliza kidato cha nne, nikasubiri nafasi ya chuo miezi mitatu, nikaona inachelewa, nikaingia kazini. Hiyo ndiyo tabia yangu, ya kuona vitu vinachelewa, na mtaona humu ilivyonifikisha.

Aliyenifundisha kazi si bosi. Ni Ma Leokadia wa Ijuganyondo, ambaye alikuwa anakanda watu nyumbani kwake kabla hata kituo hakijajengwa. Bosi alimwajiri baada ya kugundua kwamba wagonjwa wanapita mlangoni kwetu, wanasoma kibao, wanatikisa kichwa kwa heshima, halafu wanaendelea na safari kwenda kwa Ma Leokadia. Wakakaa chumba kimoja, yule wa diploma na yule wa mikono. Bosi alitaja kila msuli kwa jina lake la kitabuni. Ma Leokadia alikuwa na majina mawili tu: "hapa pamelala" na "hapa pamekasirika". Naapa, walikuwa wanaonyesha mahali palepale.

Wiki yangu ya kwanza sikumgusa mgonjwa. Ma Leokadia alinipeleka kwake, akanipeleka kwenye shimo anakoivishia ndizi za pombe, akafunua majani, akaniambia, "Funga macho. Nitajie zilizoiva."

"Kwa kunusa?"

"Kwa mkono. Na kesho nikikuta alama ya kidole kwenye ndizi hata moja, unarudi kwa mama yako."

Siku ya pili alikuta alama kumi na saba. Akazihesabu moja moja, kwa sauti, mbele ya majirani waliokuja kuazima sufuria.

"Mikono yako inaongea sana, Jovitha," akaniambia. "Inyamazishe kwanza. Mgongo wa mtu ndio unatakiwa kuongea."

Nikamwambia mimi nimesoma baiolojia. Akasema vizuri, basi wewe na hiyo baiolojia mrudi shimoni.

Nilifika siku ya tano ndipo nikaelewa. Ukibonyeza, husikii chochote isipokuwa nguvu zako mwenyewe. Ukiweka kiganja kikapumzika, ndizi yenyewe inakuambia iko wapi. Mgongo hivyo hivyo. Nyie mtakuja na mbio zenu, mtataka kuonyesha nguvu, mgonjwa atasema "aaa, hapo hapo", mtafurahi, mtabonyeza zaidi, na kesho yake atashindwa kuinuka kitandani na atawatangaza kanisani. Nimetangazwa mara mbili. Moja ilikuwa kwa Walutheri, na wale wana kwaya nzuri, habari inafika mbali.

Halafu kuna mazoezi. Siku hizi bosi ana karatasi za mazoezi zenye picha, amezitoa kwenye intaneti, mzungu mmoja mwembamba amelala kwenye zulia anainua mguu. Karatasi ni nzuri. Nilimpa Mzee Fortunatus, ambaye mgongo wake ulikuwa umekufa kwa kukanyaga ndizi za rubisi, pombe yetu ya ndizi. Kama hujawahi kuona, mwanaume anaingia kwenye mtumbwi wa ndizi zilizoiva na nyasi, anakanyaga nusu siku ameinama, kisha anashangaa kwa nini kiuno hakinyooki. Nikamwelezea vizuri, mara kumi asubuhi na mara kumi jioni, wiki tatu. Akakunja karatasi akaiweka kwenye koti kama cheti cha ubatizo.

Baada ya wiki tatu amerudi.

"Mzee, mazoezi yanaendaje?"

"Yanaenda vizuri sana, mwanangu. Hata leo asubuhi yamefanyika."

"Na mgongo?"

"Mgongo bado uko palepale. Mimi nadhani mama hayafanyi sawasawa."

Nikamuuliza mama yupi. Akasema mke wake. Alikuwa amemkabidhi karatasi siku ileile niliyompa, kwa sababu kazi za ndani za asubuhi ni za mama. Wiki tatu mama wa watu amelala sakafuni kwenye nyasi anainua miguu kwa ajili ya mgongo wa mumewe, na mumewe amekaa kwenye kiti anamhesabia. Msicheke sana. Yule mama alikuja mwenyewe mwezi uliofuata kutushukuru, anasema kiuno kilichomsumbua tangu uzazi wa mwisho kimepona kabisa, na hajui kimeponaje.

Kwa hiyo ukitoa zoezi, uliza nani atalifanya. Mimi nilikuwa siulizi. Niliona swali hilo linapoteza muda.

Na mtaletewa vijana wa bodaboda. Hao wana ugonjwa mmoja unaoitwa simu. Wameona huko mtu anashikwa kichwa, anapinduliwa, shingo inalia kama kuni kavu, mtu anainuka anatabasamu. "Dada, nami nivunje hivyo." Mmoja alikataa kutoka kitandani mpaka kitu kilie. Bosi akamwambia mlio siyo uponyaji, hata kiti chake cha sebuleni kinalia na hakijapona. Kijana akasema basi, ataenda kwa fundi mwingine. Fundi! Miaka mitatu ya chuo, na mtu anakuita kama mtengeneza baiskeli. Shingo msiguse kwa kuipindua. Narudia kwa sababu najua mmoja wenu tayari amejaribu kwa mdogo wake.

Mengine msicheze nayo kabisa. Mwalimu mmoja alikuja na mguu, nyuma ya muundi umevimba, unawaka, umekuwa mgumu, na alikuwa ametoka safari ndefu ya basi. Akalala, akasema nikande haraka ana kipindi. Kwa haraka mimi na yeye tulikuwa tunaelewana, nikamwaga mafuta. Ma Leokadia akaweka kiganja kidogo tu, akakiondoa kama ameshika sufuria ya moto.

"Waitu mwalimu, tafadhali vaa suruali. Unaenda hospitali sasa hivi."

"Nimekuja kukandwa, sikuja kufukuzwa."

"Huo mguu hakandi mtu. Nenda."

Akaondoka anatutukana. Baada ya wiki mbili akarudi na nanasi, taratibu, anatembea kama anabeba mayai. Damu ilikuwa imeganda kwenye mshipa. Daktari alimwambia angekandwa, ule mgando ungeweza kupanda mpaka kwenye mapafu. Nanasi tulikula watatu, mimi sikusikia utamu wake. Basi mkiona mguu wa namna hiyo, au mgongo wa mtu ambaye miguu inakufa ganzi na mkojo unamtoka bila taarifa, au mtu aliyeanguka kutoka juu ya mti jana, toeni mikono. Kutoa mikono ni kazi pia. Ndiyo kazi ambayo hakuna atakayekushukuru siku hiyo.

Sasa nifike kwenye goti la Adelina, kwa sababu najua mmeshasikia nusu yake kwa watu, na nusu mliyosikia ndiyo inayonichafua.

Adelina ni mtoto wa Ijuganyondo, ameolewa Ngenge, kule Muleba ndani. Tulisoma shule moja, yeye mbele yangu. Ana watoto wawili. Miezi miwili iliyopita aliteleza na ndoo ya maji, goti likajipinda, na tangu hapo likawa linakwama. Yaani anakunja mguu, halafu mguu unakataa kunyooka, mpaka autikise na kulia. Hospitali walimpima, wakasema gegedu la ndani, ule mto laini kati ya mifupa, limechanika. Akipumzisha goti miezi mitatu, asichuchumae, asipige magoti, afanye mazoezi ya paja, linaweza kutulia. Akiendelea kulikunja mpaka chini, atapasuliwa, na huko ni Mwanza, na hata Mwanza hawaahidi. Akaletwa kwetu kwa mazoezi, akawa mgonjwa wangu wa mwisho.

Tukakaa tukahesabu ni wapi anapiga magoti. Asubuhi kumsalimia mama mkwe. Kumsalimia baba mdogo wa mume anayeishi jirani. Kutenga chakula. Kupokea kila mgeni, na pale kwao wageni hawaishi. Jikoni kwenye mafiga. Rozari jioni. Misa Jumapili. Nikachoka kuhesabu. Nikamwambia, "Acha yote."

Akanicheka. "Jovitha, wewe hujaolewa."

"Nitakuandikia."

"Utamwandikia nani?"

"Nitaandika, nitagonga na muhuri. Karatasi ya hospitali wanaiheshimu, na hii wataiheshimu."

Ma Leokadia alikuwa anakunja mashuka pembeni. Akasema, "Mpola, polepole, Jovitha. Hayo mambo mtu haandiki. Hayo mtu anaenda kusema."

Ngenge! Nipande basi mpaka Muleba, nipande na pikipiki, nikapigwe vumbi, nikaeleze goti kwa maneno, wakati kalamu iko mkononi. Nikaona inachelewesha. Nikaandika. Niliandika vizuri sana, mwandiko wa kupata alama: "Mgonjwa aliyetajwa hapo juu haruhusiwi kupiga magoti kanisani, jikoni, shambani, wala kwa mtu yeyote, kwa muda wa miezi mitatu." Nikagonga muhuri mwekundu. Nikaupuliza wino ukauke. Nilijisikia hakimu.

Wala kwa mtu yeyote. Hayo maneno manne yalikuwa yangu mwenyewe, bosi hakuniambia, daktari hakuniambia. Niliyaongeza ili barua ikamilike.

Adelina akafika nyumbani, asubuhi akamsalimia mama mkwe amesimama, ameinama kidogo, ameshika mlango. Mama mkwe wake anaitwa Ma Verdiana. Hakuitikia. Siku ya pili hakuitikia. Siku ya tatu Adelina akampa mumewe ile karatasi, na mumewe, Projestus, mtu mwema na asiye na akili hata kidogo, akaisoma kwa sauti mbele ya mama yake na baba mdogo, pamoja na kutaja kwamba ina muhuri.

Ma Verdiana akamwomba arudie mwisho. Akarudia.

"Huyo mtu yeyote ni nani?" akauliza. "Ni mimi?"

Projestus akasema hapana mama, ni maneno ya kitaalamu.

"Basi wataalamu wamenipa jina. Nimekaa katika nyumba hii miaka yote, leo naitwa mtu yeyote."

Baada ya wiki moja Adelina akaambiwa arudi kwao Ijuganyondo akafundishwe adabu upya. Watoto wakabaki. Mdogo ana miaka minne. Na Jumapili hii, keshokutwa, baada ya Misa, wazee wa pande zote mbili wanakaa kuamua kama anarudi au harudi.

Jana Adelina alikuja kwangu nyumbani, anachechemea. Hakuja kunilaumu, na ingekuwa nafuu kama angekuja kunilaumu.

"Jovitha, nifundishe kitu kimoja tu. Jumapili nitapiga magoti mbele yao wote. Nifundishe nivumilieje lisikwame wakati niko chini. Likwame nikishatoka nje."

"Ukilikunja mpaka chini utalimaliza."

"Nitalimaliza. Mtoto wangu analala na nani sasa hivi? Nijibu hilo kwanza."

Nikamwambia asifanye kitu, mimi nitaenda Ngenge. Kwa hiyo mstaafu wenu, leo Ijumaa, amefunga safari. Nimeandika karatasi nyingine usiku wa kuamkia leo? Ndiyo, nimeandika. Nimesahihisha. Nimetoa "mtu yeyote", nimeweka "isipokuwa kwa maelekezo ya kitabibu", kwa sababu mimi nikiona moto naongeza petroli yenye lugha nzuri.

Nilifika saa tano, nimevaa suruali kwa ajili ya pikipiki, nywele zimejaa vumbi. Ma Verdiana alikuwa amekaa kwenye kiti kifupi karibu na mlango, miguu ameinyoosha mbele, anachambua maharage. Ndani kulikuwa na nyasi mpya sakafuni, zinanukia. Nilikuwa na haraka, pikipiki inanisubiri. Nikakunja goti moja nusu, kama mtu anayefunga kamba ya kiatu, nikasalimia.

Akaniangalia kwanza goti, halafu uso.

"Hata wewe una karatasi?"

Nikajifanya sijasikia. Nikajitambulisha. Akasema anajua mimi ni nani, jina langu liko chini ya muhuri. Hata hivyo akashika mlango, akanyanyuka kunitafutia kahawa ya kutafuna, kama mgeni yeyote. Akaniwekea kwenye kiganja zile punje, akarudi kukaa. Nikafungua begi nikatoa karatasi mpya. Akainua mkono.

"Sisomewi tena. Sema."

Basi nikasema. Nilisema kuhusu gegedu, nikachora na kidole hewani, nikataja upasuaji, nikataja Mwanza. Alinisikiliza vizuri, tena bila kunikatiza. Nilipomaliza akamimina maharage kwenye ungo, akaanza kupepeta, akaongea bila kuniangalia.

"Mimba ya huyu Projestus, goti langu lilivimba likawa kama papai. Nilipiga magoti kwa mama mkwe asubuhi na jioni. Aliniambia inuka? Hapana. Aliniacha chini mpaka amalize kutafuna kahawa yake, na meno alikuwa nayo machache. Nikazaa, nikapiga magoti. Nikafiwa, nikapiga magoti. Siku aliyokufa yeye nilimpigia magoti kitandani. Mimi nani aliniandikia karatasi?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kunyamaza. Ninyi mnaosoma mnapaona. Hata mwendesha pikipiki nje alipaona, kwa sababu alizima injini.

Nikasema, "Ndiyo maana leo kusimama kwenyewe unashika mlango."

Nilitaka kusema kitu cha kitaalamu. Kilitoka hivyo.

Ungo ukasimama. Hakupiga kelele. Akaniambia polepole, "Mwambie mke wa mwanangu akae hukohuko. Nguo zake zitaletwa Jumapili na baba mdogo. Na wewe, mwanangu, safari njema."

Nikatoka. Punje za kahawa nilikuwa bado nimezishika mkononi. Karatasi niliiacha kwenye nyasi, sijui kama kwa hasira au kwa ujinga.

Njia nzima mpaka Muleba mjini nilikuwa namjibu kichwani. Nilikuwa na majibu mazuri sana, hoja tano, zote nimeshinda. Nikapanda basi, nikakaa dirishani, nikaendelea kushinda mpaka karibu na Kemondo. Pale ndipo nikamwona tena anavyonyanyuka kunitafutia kahawa. Mkono wa kulia kwenye mwimo wa mlango, wa kushoto kwenye paja, anavuta pumzi, anahesabu kimoyomoyo, halafu anajiinua kwa mikono. Mguu wa kushoto haukunji. Anauburuta mpaka kwenye kabati, anageuka kwa mwili mzima. Anarudi. Kukaa, anajiachia tu kama mzigo.

Miaka saba. Mtu akiingia pale Nshambya, kabla hajasema jina lake nilikuwa nimeshajua anaumwa wapi, kwa jinsi anavyovuka kizingiti. Bosi alikuwa ananisifia kwa wageni. Na leo nimekaa mbele ya goti baya kuliko la Adelina, robo saa nzima, nikalitumia kama tusi.

Sikwenda moja kwa moja nyumbani. Nilipitia kwa Ma Leokadia, nikamwambia yote, pamoja na lile neno la mlango. Nilitegemea atanipa pole. Alikuwa anamenya ndizi, hakuacha.

"Alikupa kahawa?"

"Alinipa."

"Uliitafuna?"

"Sikuitafuna."

"Aa." Akamenya tatu nyingine. "Sasa ulienda kufanya nini?"

"Nilienda kumtetea Adelina."

"Kwa nani? Kwa adui?"

Akaniuliza goti la yule mama ni la upande gani, linawaka au ni kavu, linalia akinyanyuka, usiku linamwamsha au halimwamshi. Maswali ya kawaida ambayo nyie mtayafundishwa Jumatatu saa mbili. Nilijua jibu moja tu, la upande. Mengine sikuyauliza kwa sababu nilikuwa na karatasi.

"Na hata ungeuliza," akasema, "vidole huna."

"Nina viganja. Nina kiwiko."

"Kumbe unacho," akasema. "Miaka saba nakuambia."

Alicheka peke yake kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili.

Jua limezama sasa, na kwetu wameanza kuita chakula. Nimemwambia Adelina asiende Ngenge na mtu yeyote kabla ya Jumapili, na asilikunje goti hata kwa sala. Hajaniahidi. Amesema atanisubiri mpaka kesho jioni, baada ya hapo atafanya anavyojua yeye. Na anavyojua yeye ni kwenda chini, likatike.

Bosi nimempigia simu, nikamwambia akate jina langu kwenye karatasi zote zenye muhuri. Akasema wewe si umestaafu? Nikasema ndiyo, lakini kuna mgonjwa ambaye sikumpokea.

Kesho nitaamka saa kumi na moja. Nitavaa kitenge, suruali itabaki msumarini. Sichukui kalamu. Nitachukua chupa ya mafuta na kitambaa cha maji ya moto, nitamwambia wa pikipiki anishushe aondoke, asinisubiri. Nitaingia, nitapiga magoti yote mawili mpaka kwenye nyasi, maana yangu ni mazima na hayajawahi kufanya kazi ya maana. Nitasalimia. Asipoitikia nitabaki chini. Akitafuna kahawa yake mpaka saa sita nitabaki chini. Jina la Adelina halitatoka mdomoni mwangu kabla yeye hajalitaja. Akishaniambia nyanyuka, nitamwomba asinyanyuke yeye kunitafutia chochote, aniachie tu niweke kiganja kwenye goti la kushoto, na nitamuuliza lilianza kumuuma lini.